Chumvi Ina Mwenyewe

Mhubiri alikula kuku wetu bila chumvi, akamaliza, akapangusa mdomo na kusema Bwana ni mwema. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni nikiomba ardhi ipasuke inimeze, mimi na sufuria.

Chumvi haikuwa imekwisha. Ilikuwako, kopo zima limejaa, lile kopo la bati lililokuwa zamani la maziwa ya unga. Lakini kopo lilikuwa mikononi mwa Jentrix, kitinda mimba wangu, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, na Jentrix alikuwa amelala chini ya kitanda akilikumbatia kama mtoto wa nguo. Alikuwa ameshinda akikimbizana na watoto wa wageni, usingizi ukambeba. Nikapiga magoti nilichukue pole pole. Mkono wa wifi yangu ukanishika kifundo.

"Unaiba?"

"Senge, huyo ni mhubiri aliyeketi pale. Ametoka Mumias na njaa yake."

"Hata angekuwa malaika. Chumvi ina mwenyewe."

"Basi tumwamshe mwenyewe."

"Mtu aliyelala haamshwi kwa ajili ya chumvi. Ukimwamsha leo kwa kumtikisa, kesho ataichukia hiyo chumvi, na wewe utabaki nayo mpaka uzeeke."

Halafu akatoka, akasimama mbele ya wageni na leso yake begani, akatangaza kama katibu wa kanisa: "Chakula hakina chumvi kwa sababu mwenye chumvi amelala. Karibuni." Mhubiri, jina lake Ezekia, alitazama sahani, akamtazama Senge, akaona heri kula. Chai ilipoletwa Jentrix akaamka. Alipoona mifupa kwenye sahani alilia kilio cha mtu aliyefiwa. Akaja mbio na kopo lake, na kabla yeyote hajafumbua mdomo, akatia chumvi katika chai ya mhubiri. Si kidogo. Mhubiri akanywa yote. Ndipo aliposema Bwana ni mwema.

Tangu siku hiyo hadi alipoolewa, Jentrix hakuhitaji kukumbushwa chumvi.

Huyo Senge ndiye ninayetaka kuwaeleza. Mimi majina sisahaunga. Nilitolewa shuleni nikiwa darasa la tatu ili nilee wadogo zangu, lakini wote niliokaa nao dawati moja ninaweza kukutajia: Rispa, Anjelina, Protus mwenye mapengo, mapacha Mukhwana na Mulongo. Hata ng'ombe wa baba nawajua kwa majina yao. Lakini jina la huyu sitalitaja, na si kwamba limenitoka. Nilipoolewa Khwisero mama mkwe alinikalisha chini akaniambia dada ya mume wako humwiti kwa jina, unamwita vile watoto wako watakavyomwita. Watoto wakamwita Senge, yaani shangazi. Mimi nikamwita Senge. Yeye akaniita mulamwa, wifi yake, na hivyo tumeendelea mpaka meno yametuacha.

Alirudi kwetu asubuhi moja na sanduku la bati kichwani na jembe mkononi. Ndoa ilimkataa kwa sababu ya kukosa mtoto. Hakueleza zaidi ya hapo, na sisi hatukumchimba. Zakaria, mume wangu, alimpenda dada yake sana, akamtolea kile kiti kizuri cha sebuleni, cha mito, chenye vitambaa nilivyofuma mwenyewe. Mimi nikamletea chai kwa kikombe chenye kisahani chake. Akaomba aende shambani na sisi. Mama mkwe akasema, "Pumzika, mwanangu. Mgeni hashiki jembe."

Watu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu ya tatu ilipita, na ya nne, jembe limeegemea ukuta na Senge ameketi kwenye vitambaa. Kila akiinuka tunamwambia keti. Tulidhani hayo ndiyo mapenzi. Siku moja akaweka kikombe chini kwa nguvu mpaka kisahani kikalia.

"Mulamwa," akaniambia, "mtu asiye na kazi katika nyumba ni mgeni. Na mgeni, hata mkimpenda namna gani, siku moja ataulizwa anaondoka lini. Mimi sina pa kwenda."

Macho yake yalikuwa na maji. Hiyo ni mara ya kwanza kumwona akilia. Nikatafuta kazi ya kumpa nikaikosa, maana za shamba mama mkwe alikuwa amezikataza. Nikaangaza nje nikawaona watoto wangu watatu: Makokha anafukuza kuku, Ayuma yuko kwenye tope hadi shingoni, na Jentrix analamba chumvi ya ng'ombe. Nikasema, "Basi chukua hawa. Hawajui kazi hata moja. Wafunze." Akainuka pale kitini na sikumwona akikikalia tena miaka yote ile.

Sasa nilitegemea ataanza kufunza. Hakuanza. Aliweka kigoda chake chini ya ukuta wa jikoni, akatoa ugoro, akakaa siku nyingi anawatazama tu watoto wakiharibu vitu. Mama Konsolata, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, alikuja kuomba moto akamwona.

"Mwalimu wa kazi," akamwambia, "wewe mwenyewe utaanza lini?"

"Nimeanza. Ninatazama."

"Hata mimi kutazama ninaweza."

"Huwezi. Wewe ukitazama unaona utundu. Mtoto huwa amekwisha kuchagua kazi yake, ninyi mnamchapa kwa ajili ya kazi hiyo."

Alipomaliza kutazama akawaita. Makokha akaambiwa kuku ni wake: kuwafungulia, kuwafungia, kuwahesabu, kujua yupi anaatamia na yupi ana kichaa. Ayuma akapewa kuta na sakafu, maana sisi nyumba yetu ilikuwa ya udongo, na ya udongo lazima ipakwe kwa udongo na mavi ya ng'ombe kila mara. "Wewe si unapenda tope?" Senge akamwambia. "Hili hapa tope lenye heshima." Jentrix akapewa chumvi. Chakula kilipikwa bila chumvi mpaka Jentrix aje na kopo lake, achote kwa vidole vitatu, atie, akoroge mara moja, aonje, afumbe macho kama mganga, aseme, "Tayari." Tulimngoja wote, mkubwa na mdogo. Mama mkwe naye alingoja, na mama mkwe hakuwa mtu wa kungoja.

Mnisikilize vizuri, kazi zilikuwa zao kweli. Si kusaidia. Neno kusaidia Senge alilichukia. "Ukimwambia mtoto akusaidie," alikuwanga akisema, "umemwambia kazi ni yako na yeye anapita tu." Na kwa sababu kazi ilikuwa ya mwenyewe, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, hata kama dunia inaungua. Makokha alipoanza shule alirudishwa njiani na moyo wake, kwamba kuna kuku mweusi hakumwona akitoka bandani. Mwalimu wake, Silvano, akamfuata hadi nyumbani na fimbo. Akamkuta mtoto amelala kifudifudi kichwa ndani ya banda. "Toka humo!" Sauti ikatoka bandani, "Mwalimu, ngoja, anataga!" Silvano alingoja. Alirudi shuleni na mtoto mkono huu na yai mkono huu.

Sheria yake nyingine ilinitesa zaidi: kazi ya mtoto hairudiwi. Ayuma akifagia uwanja, anafagia vile mlevi anavyotembea, majani huku, vumbi kule, na katikati ameacha kisiwa. Mimi nilifunzwa na mama yangu kwamba uwanja wa mwanamke ndio uso wake. Nikawa nangoja Ayuma aende kijitoni, nachukua ufagio, nafagia tena haraka haraka. Senge akanifuma.

"Mulamwa, umemfuta mtoto."

"Nimefuta uchafu, Senge."

"Hizo alama za ufagio zilikuwa mkono wake. Sasa ni mkono wako. Atakuletea ufagio, ukae nao."

Nikacheka. Kesho yake Ayuma, na mwili wake kama kijiti, akanijia na ufagio. "Mama, shika. Wewe ndiye unajua." Ilibidi nimbembeleze siku nyingi achukue ufagio wake, na tangu hapo nikaishi na kile kisiwa katikati ya uwanja kama mtu mwenye kovu usoni.

Lakini kisiwa hakiliwi. Obusuma, yaani ugali, unaliwa. Siku Ayuma aliposonga ugali wake wa kwanza, aliuleta mezani amejaa jasho na majivu, umekaa kwenye sahani kama jiwe la mtoni, na ukiukata unatoa madonge, na ukilipasua donge linatoa vumbi la unga mbichi. Senge alizungusha macho mezani, na macho yale yalisema kila kitu. Zakaria alimeza tonge la kwanza. Tuliliona likishuka shingoni.

"Huu ugali," akasema, akatafuta neno, "huu ugali una nguvu."

"Baba, nikuongeze?"

Zakaria akamtazama dada yake. Dada yake akamtazama.

"Niongeze," akasema mume wangu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetia sahihi hati ya kifo chake.

Mbwa alikataa makombo. Lakini Ayuma alilala amechangamka, na kabla mwezi haujaandama tena alikuwa anasonga ugali laini ambao hata mama mkwe, mtu aliyekula chakula changu miaka yote kwa kunung'unika, aliula kimya. Leo huyo Ayuma anapiga plasta nyumba za watu mjini Kakamega, na mafundi wanaume wanapanga foleni kujifunza kwake. Akimaliza ukuta anarudi nyuma anautazama kichwa kimeinama upande. Mimi najua alipotoa hiyo tabia.

Asante pia Senge hakuisema kwa mtoto. "Asante ni ya mgeni," alisema. Chakula kikiisha alisema, kwa sauti ya watu wote kusikia, "Jentrix, tumekula kwa sababu yako." Basi. Na mtoto angejinyoosha pale mpaka ukamwogopea asivunjike mgongo.

Sasa mtaniuliza, na mtoto akikosa? Alimchapa? Hakuwahi. Alikuwa na adhabu mbaya zaidi.

Makokha, wakati huo anaota meno ya mbele, alidanganya kwamba amefunga banda. Hakufunga. Kicheche akaja akachukua mtetea wa mama mkwe. Asubuhi Zakaria akawa anachuma fimbo kwenye ua. Senge akasema, "Weka hiyo fimbo. Mgeni hapigwi." Akamshika Makokha mkono kwa upole, akampeleka sebuleni, akamkalisha kwenye kile kiti cha vitambaa. Miguu haikufika chini. Akamletea chai kwa kikombe chenye kisahani.

"Karibu, mgeni wetu. Murembe, hujambo? Kwenu ni wapi?"

"Senge, ni mimi."

"Mvua inanyesha kwenu? Njiani mmepita salama?"

Makokha akajaribu kushuka. "Aa, mgeni, usisumbuke, keti. Mwenye nyumba, lete maziwa ya mgeni!" Nikaleta. Ayuma akapita akamwamkia kwa adabu kama anaamkia askofu. Jentrix, ambaye hajui kucheka kwa siri, akapita na mahindi ya kuku mbele yake akisema, "Mgeni, ngoja nikalishe kuku wa hapa kwetu." Mtoto alianza kwa kujivunia maziwa. Halafu midomo ikaanza kucheza. Jua lilipofika juu ya nyumba tukasikia ukelele:

"Mimi si mgeni! Mimi ni Makokha wa hapa!"

"Makokha?" Senge akauliza. "Makokha namjua, ana kuku. Wewe una kuku?"

"Ninao!"

"Basi wanakungoja."

Alitoka kwenye kile kiti kama kimeshika moto. Nikamwona Senge anapangusa jicho kwa leso, nikadhani anacheka. Alikuwa anacheka, ndiyo, lakini nilikumbuka nani alikikalia kiti kile kabla ya Makokha, nikaenda jikoni.

Kuna habari ya imondo, na hii nusura itupeleke kwa wazee. Imondo ni firigisi. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye boma. Wanawake wa zamani kuku hawakumla kabisa. Sisi tukaanza kumla, lakini imondo hatuikodolei macho. Siku hiyo nimepakua, nimempa Zakaria sahani yake na imondo juu yake imekaa kama waziri, Senge akanyoosha mkono akaitoa, akaiweka kwenye sahani ya Makokha.

Zakaria akaifuata kwa macho.

"Huyu kuku nani alimlisha?" Senge akauliza. "Nani alimtafuta kwenye mvua? Nani alijua ana kikohozi?"

Makokha, mjinga huyu, alikuwa amekwisha kuitia mdomoni.

Shemeji yangu Shikuku aliposikia alikuja na bakora na wazee wenzake wawili, kwamba boma limepinduliwa na mwanamke aliyeachika. Walikaa sebuleni wakanywa chai, wakasema sana. Senge alikuwa kwenye kigoda chake nje na ugoro kiganjani, lakini hakuunusa, maana alijua Shikuku akishika neno, neno hilo linaweza kumfikisha barabarani na sanduku lake. Mwishowe wakamwuliza Zakaria mwenyewe: unadai imondo yako?

Zakaria alikuwa mtu wa maneno machache. "Mtoto alisema kweli," akajibu, ingawa Makokha hakuwa amesema lolote, alikuwa ametafuna tu. "Kuku ni wake. Mimi nikitaka imondo nitafuga wangu."

Wazee wakaondoka wakitikisa vichwa. Kulipopambazuka nikamsikia mume wangu anatoka kitandani kimya kimya. Nikachungulia. Mwanamume mzima, mwenye kitambulisho, yuko bandani anataka kufungua mlango. Na Makokha amesimama mbele yake na kaptura ya kulalia.

"Baba, kuku wana mwenyewe."

"Nataka kuku mmoja tu nimlishe mimi."

"Yule mwenye kichaa?"

"Huyo huyo."

Zakaria alimlisha yule jogoo mwenye kichaa miezi mingi, akipigwa mateke naye, na siku alipochinjwa alikula imondo yake amefumba macho. Aliniambia hajawahi kula imondo kama ile, na ameila tangu awe mwenye boma.

Msidhani lakini mtu huyu alikuwa malaika. Senge aliyefunza watoto kupenda kazi alikuwa anachukia kuosha vyombo kama paka anavyochukia mto. Sufuria zikilundikana tu, mguu wake wa kushoto ulianza kuuma. Watoto walimjua. "Senge, mguu umeanza?" "Umeanza, mwanangu. Leo umeanza mapema." Na mguu huo ulimpeleka chooni, na chooni ulikaa naye mpaka asikie vyombo vya mwisho vinaanikwa. Nilimwambia, "Senge, wewe si unafundisha kupenda kazi?" Akanijibu bila aibu, "Nilisema kupenda kazi. Sikusema zote."

Alikuwa na majivuno pia. Mahindi yakizaa, ni kwa ajili ya watoto wake. Mvua ikinyesha vizuri, alitazama juu kama anayekubali shukrani. Mama Konsolata alipoajiri msichana wa kufulia watoto wake nguo, Senge hakumsalimia toka mavuno hadi mavuno, na kanisani akipiga chafya ya ugoro aligeuza uso kwa makusudi upande wa Mama Konsolata.

Zakaria alipofariki, tulibaki wawili kwenye boma, tukizozana juu ya vyombo. Kisha presha ikamshika Senge, akaanguka mara moja kwenye mlango wa jikoni, na Makokha akaja akamchukua. Makokha sasa ni mtu wa ofisi za kaunti, ana nyumba Lurambi yenye vigae sakafuni, karibu na hospitali. "Mama, Senge alinilea. Sasa zamu yangu," akasema. Nikaona ni vizuri.

Likizo iliyopita nikaenda kuwaona. Nilibeba kuku, na kwenye mkoba nikatia lile kopo la bati, nililolikuta nyumbani limewekewa mbegu za maharagwe. Sijui kwa nini nililichukua. Pengine nilitaka tu Senge alione tucheke.

Nilimkuta sebuleni. Yuko kwenye kiti kikubwa cha mito, chenye vitambaa. Miguu imewekewa kigoda. Mezani mbele yake, kikombe na kisahani. Ni msafi, ananukia mafuta mazuri, amekonda. Beatrice, mke wa Makokha, ni mtu wa moyo mwema kabisa, yule. Senge akitaka kuinuka, "Usisumbuke, Senge, keti tu." Akinyoosha mkono achukue hata kijiko, msichana wa kazi amekwisha kumfikia. Alikuwa anahudumiwa mpaka ukaona kama anazama.

Tukaamkiana. Beatrice alipoenda jikoni, Senge akaniinamia.

"Mulamwa, niulizie mwanao. Nilikosa nini?"

Nikacheka, nikidhani ni utani wake. Yeye hakucheka.

"Nimekaa hapa tangu mvua zile," akasema. "Hawanitukani. Wananiamkia vizuri. Kila siku chai. Kama kuna kuku niliyeacha akachukuliwa na kicheche, aniambie tu niombe msamaha."

Nikaenda kumtafuta Makokha. Alikuwa nyuma ya nyumba, na shati la ofisi, anawatazama kuku wake wa kisasa wenye sura zinazofanana.

"Senge amekosa nini?" nikamwuliza.

"Amekosa? Mama, hakuna kitu hajapata hapa. Daktari alisema apumzike, anapumzika."

"Daktari alisema umkalishe kiti cha mgeni?"

Niliona uso ule wa miaka arobaini na zaidi unarudi nyuma, unarudi, mpaka ukawa uso wa mtoto mwenye masharubu ya maziwa, miguu haifiki chini.

"Mama," akasema pole pole. "Lakini afanye nini? Hawezi kuinama. Macho yamefifia."

Nikatoa kopo kwenye mkoba. Akalishika kwa mikono miwili.

"Hapana, presha! Chumvi tumeitoa nyumbani kabisa. Sisi wote tunakula bila."

"Kumbe ndiyo maana mnaonekana wagonjwa. Daktari alimkataza kuila. Alimkataza kuigawa?"

Makokha akamtuma msichana dukani. Chumvi ikaja, akaijaza mwenyewe kwenye kopo, akaenda sebuleni akapiga magoti kwenye vigae vyake, mtu mzima na suruali ya ofisi.

"Senge, nyumba hii haina mtu wa chumvi."

Senge akalitazama kopo. Akalipapasa kifuniko, pale palipobonyea Jentrix alipoanguka nalo.

"Na presha yangu?"

"Chakula chako kitapakuliwa kwanza, kabla hujatia. Chetu ndicho kina shida."

"Mimi si mgeni hapa?"

"Mgeni gani," Makokha akasema. "Mgeni ana chumvi?"

Senge akafungua, akanusa. "Umejaza sana. Hujui kazi. Itamwagika." Kisha akageuza shingo, na nikajua amerudi. "Na huyu mtoto hapa anashindanga akifanya nini?"

Huyo alikuwa Shantel, wa mwisho wa Makokha, bado jino hata moja la utoto halijamng'oka. Beatrice akasema, "Aa, huyo ni kuchezea maji tu kutwa, amenimalizia tangi."

"Basi maji ni yake. Mpe birika na beseni, yeye ndiye atakayenawisha watu." Shantel alikuwa amekwisha kutia kidole kwenye kopo. Senge akakipiga kidogo. "Acha. Chumvi ina mwenyewe. Wewe una maji."

Kuku wangu akachinjwa. Senge alitaka kujua kila saa kama chakula kimeiva, kama bado, mkono juu ya kifuniko cha kopo. Lakini mtu mzima ni mtu mzima, na furaha inachosha. Chakula kilipoletwa mezani, na Shantel amekwisha kutunawisha wote hadi viwiko na kulowesha suruali ya baba yake, tulisikia mkoromo. Senge alikuwa amelala kitini, kopo amelikumbatia kifuani.

Makokha akaonja mchuzi. Akakunja uso. Akatazama kopo, akanyoosha mkono pole pole.

"Baba!" Shantel akasema, birika mkononi. "Unaiba?"

Mkono ukarudi wenyewe.

"Tumwamshe?" Beatrice akanong'ona.

"Mtu aliyelala," Makokha akasema, "haamshwi kwa ajili ya chumvi."

Tukala hivyo. Makokha aliitoa imondo kwenye sahani yake, akaiweka katika kibakuli, akaifunika kando ya Senge. Chai ilikuwa inaingia mezani Senge alipofumbua macho. Alitazama sahani. Alitazama mifupa.

"Mmekula?"

"Tumekula bila chumvi, Senge. Mwenyewe alikuwa amelala."

Midomo yake ikaanza kucheza. Hiyo ni mara ya pili nimemwona akilia, na hakulia sana, kwa sababu alikuwa na kazi. Akafungua lile kopo, akachota kwa vidole vitatu, akajivuta mbele ya kiti.

Tukamsogezea vikombe, mmoja mmoja. Makokha alikunywa chake chote, akapangusa mdomo, akasema Bwana ni mwema.